Hita Inayojizima Ina Sababu Yake

(Mazungumzo kwa makatibu, wahasibu na watunza ghala wa vyama vya msingi vya nyanda za juu)



Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ya baridi katika nyanda za juu za kusini. Huko Njombe, Makete na Mufindi karani hufika kazini asubuhi vidole vikiwa vimekufa ganzi, na mlinzi wa usiku huutamani moto kuliko chakula. Ndiyo maana baadhi ya ofisi za zamani zina hita ya umeme iliyofungwa ukutani. Miezi tisa ya mwaka hakuna anayeikumbuka. Baridi ikiingia swichi hubonyezwa, na hapo malalamiko huanza: hita inawaka, inatoa joto kwa muda wa robo saa, kisha inajizima. Baadaye hurudi yenyewe, halafu ikazima tena.

Jambo hili laonekana dogo, na aghalabu halifikishwi mbele ya Kamati. Hata hivyo limebeba hatari tatu. Ya kwanza ni kumwita fundi wa kupita, ambaye huunganisha waya mbili ndani ya hita, akapokea ujira wake na kuondoka. Hita haizimi tena, na kila mtu humsifu. Ya pili ni kununua hita mpya kwa fedha za wanachama na kuifunga juu ya waya zile zile zilizokuwa na ubovu. Ya tatu ndiyo mbaya kupita zote: hita huachwa, na jiko la mkaa huingizwa ndani ya ofisi, milango na madirisha yakafungwa. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu, na huweza kumwua aliyelala bila ya yeye kuamka. Mlinzi aliyetafuta joto usiku huenda akakutwa amekufa asubuhi.

Hatari zote tatu hutoka mahali pamoja, yaani kutokuuliza kwa nini hita imezima. Kuzima kwake ni taarifa. Mwenye kuisoma taarifa hiyo kwa utaratibu mara nyingi huitengeneza hita kwa gharama ndogo, au huthibitisha kwa haki kwamba wakati wake wa kuondolewa umefika.

JINSI HITA INAVYOFANYA KAZI

Moyo wa hita ni waya wenye ukinzani mkubwa kuliko waya wa kawaida wa shaba. Katika hita nyingi waya huo ni mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, uliobuniwa na Albert Marsh wa Marekani, aliyepewa hataza mwaka 1906. Sifa yake ni kwamba huweza kuwa mwekundu kwa joto mara nyingi bila ya kuungua upesi. Umeme unapopita humo hugeuka joto. Hita ya wati 2000 katika umeme wa volti 230 huvuta takriban ampea 8.7; ikiwaka kwa saa tatu mfululizo hula uniti sita.

Nyuma au chini ya waya huo hita nyingi huwa na feni ndogo. Kazi ya feni ni kulichukua joto na kulimwaga chumbani. Wakaushaji wa pareto hawahitaji maelezo marefu katika hili. Moto wa kikaushio ukiwa ule ule, lakini njia ya hewa ikazibwa, maua huungua ingawa hakuna aliyeongeza kuni. Vivyo hivyo hita huzalisha joto lile lile. Hewa isipopita, joto hubaki ndani ya kasha na kupanda.

Kisha vipo vifaa viwili ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni thamostati, ambayo ina kitasa cha kuchagua kiasi cha joto. Chumba kikifikia joto hilo, thamostati hukata umeme. Chumba kikipoa, huurudisha. Cha pili ni kikatio cha usalama, ambacho hakishughuliki na chumba. Hulinda kasha lenyewe. Mara nyingi ndani yake mna kipande cha metali mbili zilizobanwa pamoja, ambazo hutanuka kwa viwango tofauti zinapopata moto. Joto likizidi, kipande hupinda na kukata njia ya umeme. Vikatio vingine hurudi vyenyewe vikipoa, vingine hungoja kubonyezwa kidude, na vingine hukata mara moja tu na havina budi kubadilishwa.

DAFTARI KABLA YA BISIBISI

Chombo cha kwanza cha kutafutia chanzo ni daftari. Kwa muda wa siku tatu karani na aandike saa hita ilipowashwa, saa ilipozima, saa iliporudi, na mambo gani mengine yalikuwa yakifanyika: birika liliwashwa, mlango ulifunguliwa, taa zilififia. Aandike pia kama breka kwenye ubao wa umeme ilianguka au ilibaki juu. Ukurasa mmoja wa namna hii humfaa fundi kuliko maneno mengi ya kwamba “hita ni mbovu”.

Daftari likiwa limejaa, lisomwe hivi.

Kwanza, ikiwa hita huzima chumba kikiwa na joto la kutosha na hurudi chumba kikianza kupoa, huku mlio mdogo ukisikika kila mara, hakuna ubovu. Hiyo ni thamostati ikitimiza wajibu wake. Na azungushe kitasa mwenye kutaka joto zaidi.

Pili, ikiwa hita huzima baada ya muda unaokaribiana, tuseme dakika kumi na tano, chumba kikiwa bado baridi na kasha likiwa moto wa kuunguza, kisha hurudi baada ya kupoa kabisa, basi ni kikatio cha usalama kilichofanya kazi. Joto linafungwa ndani.

Tatu, ikiwa breka huanguka kila birika au kifaa kingine kikubwa kinapowashwa pamoja na hita, tatizo ni mzigo. Hita ya wati 2000 na birika la wati 2000 kwa pamoja huvuta zaidi ya ampea 17. Plagi yenye pini tatu za mraba hubeba fyuzi isiyozidi ampea 13. Kuvichomeka vyote viwili katika waya mmoja wa kuongezea ni kumtwisha punda mmoja mzigo wa punda wawili.

Nne, ikiwa hita huzima bila ya mpango, pengine ikarudi mlango unapobamizwa au kasha linapoguswa, kuna kiungo cha waya kilicholegea.

Tano, ikiwa kifaa kinachokata umeme unapovuja kwenda ardhini huanguka mara tu hita inapowashwa siku ya kwanza ya msimu, unyevu unashukiwa. Hita iliyokaa miezi mingi bila ya kuwashwa, katika chumba chenye ubaridi na ukungu, huweza kunywa unyevu ndani ya mirija yake. Fundi apime kabla ya kuiwasha tena. Asiyepima asilazimishe breka ikae juu kwa mkono.

Lipo pia lalamiko linalofanana na haya lakini si ubovu wa hita. Hita huwaka muda wote, ila joto lake ni hafifu. Volti zikishuka kutoka 230 hadi 200, hita ya wati 2000 hutoa wati 1500 hivi tu, kwani joto hupungua upesi kuliko volti. Kabla ya kuilaumu hita, fundi apime umeme unaoingia.

VYANZO VYA JOTO KUFUNGWA NDANI

Katika ofisi za vyama chanzo kinachofaa kuchunguzwa kwanza ni vumbi. Ofisi zimepakana na ghala. Nyuzi za magunia, vumbi la pareto na la mahindi huelea hewani, na feni huvivuta vyote kuvipeleka ndani ya hita. Baada ya misimu kadhaa bila ya kusafishwa, wavu wa kuingizia hewa hufunikwa na tandiko kama blanketi. Hapo feni hulia lakini hewa haipiti. Dalili nyingine ni harufu ya kuungua inayotoka hita inapowashwa mara ya kwanza.

Cha pili ni vitu vilivyowekwa mbele yake. Ofisi ni finyu, mafaili ni mengi, na hita iliyolala kwa miezi tisa huonekana kuwa sehemu ya ukuta. Kabati husogezwa, pazia hushushwa, magunia matupu hupangwa. Mbele ya hita na pabaki wazi hatua moja kamili, na pazia lisiifikie kamwe.

Cha tatu ni feni iliyochoka. Umeme ukiwa umekatwa, feni nzima huzunguka kwa urahisi ikisukumwa kwa kidole. Feni inayokwama, inayoyumba au inayolia kama kinu imekaukiwa na mafuta au imelika bushi zake. Feni ya namna hiyo huzunguka polepole, hali waya wa joto unaendelea kutoa wati zake zote. Hapo kikatio huingia kati, na ni vyema kifanye hivyo.

Kikatio chenyewe ni mshukiwa wa mwisho. Ni kweli kwamba baada ya miaka mingi ya kukata na kurudi huweza kudhoofika, kikawa kinakata mapema mno. Lakini anayekihukumu kabla ya kuondoa vumbi na kuipima feni anamwadhibu mlinzi kwa sababu amepiga kelele.

Kuhusu kiungo kilicholegea, ubaya wake haufai kupuuzwa. Kiungo kilichoota kutu au kulegea huongeza ukinzani mahali padogo. Ukinzani wa omu moja tu, katika hita ya wati 2000, huzalisha pale penye kiungo joto la wati 70 hivi, karibu sawa na balbu ya zamani ya wati 75, na joto hilo lote limefichwa ndani ya kisanduku cha plastiki ukutani. Plagi iliyogeuka rangi ya kahawia, soketi inayonuka, au swichi ya moto kwa kuguswa, zote ni dalili za kiungo hicho. Chama kilichonunua hita mpya bila ya kuichunguza swichi kimebadilisha mgonjwa na kuyaacha maradhi kitandani.

NANI AFANYE NINI

Yapo yaliyo halali kwa karani au mlinzi: kuondoa vitu mbele ya hita, kufuta vumbi la nje hita ikiwa imezimwa na imepoa, kuandika daftari, na kuzima swichi kuu anapoona moshi au cheche. Kufungua kasha ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, na stakabadhi yake iwekwe katika faili.

Ni vizuri Katibu aujue utaratibu wa kazi hiyo ili asiuziwe maneno. Fundi huzima breka ya hita, huiwekea alama ili mtu mwingine asiiwashe, kisha huhakikisha kwa kifaa cha kupimia kwamba umeme umekatika kweli. Huingoja hita ipoe. Hufungua kasha na kuchora jinsi waya zilivyofungwa kabla ya kugusa chochote. Huondoa vumbi kwa brashi laini, bila maji, na bila kuikwaruza koili ya joto. Huizungusha feni kwa kidole. Hukaza kila skrubu ya waya na kukata ncha zilizoungua mpaka apate shaba safi. Hupima waya wa joto; katika hita ya wati 2000 ya volti 230 kipimo kiwe karibu omu 26. Hupima pia kama waya wa ardhi umeshika kasha sawasawa. Baada ya kufunga, huiwasha hita na kuingoja angalau nusu saa mbele ya Katibu. Fundi asiyengoja hajui kama ametengeneza.

Tahadhari moja ni kwa hita zilizo kongwe sana. Baadhi ya hita za zamani zilitengenezwa kwa vipande vya asbesto vya kuzuia joto, vyenye rangi ya kijivu au nyeupe na nyuzinyuzi. Vumbi la asbesto hudhuru mapafu na huleta saratani. Pakionekana kitu cha namna hiyo, kisikwanguliwe, kisipulizwe wala kisipigwe brashi. Kasha lifungwe, na hita iondolewe nzima na mtu anayejua kazi hiyo.

LILE LISILOKUBALIKA

Na ichukuliwe sasa mfano wa chama chochote katika siku za kuandaa malipo ya wakulima. Mhasibu anafanya kazi mpaka usiku, hita inazima kila baada ya robo saa, na subira inamwishia. Anaitwa kijana anayejua umeme kidogo. Kijana anakiona kikatio, anaziunganisha waya zake mbili moja kwa moja, na hita inawaka bila kukoma. Mhasibu anamaliza mahesabu yake na kwenda nyumbani akiwa ameridhika. Wiki ya pili feni iliyokuwa ikizunguka polepole inasimama kabisa, saa nane ya usiku, mlinzi akiwa nje kwenye mzunguko wake. Waya unaendelea kutoa wati 2000 katika kasha lisilo na hewa. Vumbi linashika moto, kisha pazia, kisha rafu.

Na katika rafu hiyo kuna nini? Kuna rejista ya wanachama na hisa zao. Kuna nakala za stakabadhi za mazao yaliyopokelewa na bado hayajalipwa. Mjane aliyeleta magunia yake ana kipande kimoja cha karatasi nyumbani, na mwenzake wa kile kipande ndio unaungua. Jengo huweza kujengwa tena kwa mchango. Lakini bila ya vitabu hakuna awezaye kusema kwa uhakika nani anamdai nani, na chama ambacho wanachama wake wanashukiana hakina maisha marefu.

Kwa hiyo mambo matatu yapigwe marufuku kwa maandishi katika kila ofisi. Kuunganisha waya ili kukiruka kikatio cha usalama. Kuweka fyuzi kubwa kuliko iliyoandikwa, au kuviringisha fyuzi kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Na kuingiza jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Kikatio kikithibitika kuwa kibovu, kibadilishwe kwa kingine cha kiwango kile kile cha joto na cha ampea. Kipuri kisipopatikana, hita istaafishwe. Mficha maradhi kifo humfichua.

WAKATI WA KUIONDOA

Kamati haina haja ya kung’ang’ania kitu kwa sababu tu ni cha zamani. Hita na iondolewe ikiwa waya zake za ndani zimekauka na kupasuka ngozi, ikiwa kasha lina alama za kuungua, ikiwa waya wa ardhi hauwezi kufungwa imara, au ikiwa gharama ya vipuri inakaribia bei ya hita mpya. Uamuzi huo uandikwe katika kumbukumbu za mkutano pamoja na sababu zake, hita ifutwe katika daftari la mali, na kabla ya mpya kufungwa, waya na swichi vichunguzwe upya. Mwanachama atakayeuliza katika mkutano mkuu kwa nini fedha zimetumika ataonyeshwa daftari la siku tatu, maelezo ya fundi na uamuzi wa Kamati. Majibu ya namna hiyo huleta amani mkutanoni.

MAAGIZO KWA VYAMA

Ndugu Wajumbe, kabla ya mwezi wa Juni kila chama chenye hita kinaombwa kutimiza haya: hita isafishwe na fundi na kujaribiwa kwa nusu saa, nafasi ya mbele yake iachwe wazi, isichangie waya wa kuongezea na birika, jina la mtu mwenye wajibu wa kuizima jioni libandikwe karibu na swichi, na rejista ya wanachama pamoja na stakabadhi vihamishiwe kwenye kabati la chuma, ukuta wa mbali na hita. Chama kisicho na hita kimpatie mlinzi wake koti zito na blanketi, ili asilazimike kuchagua kati ya baridi na jiko la mkaa.

Na hita ikizima tena baada ya yote hayo, karani na achukue daftari aandike saa.